Yai Lisilotaka Kugeuzwa

Mayai nilifundishwa na mama kabla sijafundishwa na kasa, na balaa langu lilianzia hapo.

Mama alifuga kuku wa kienyeji. Kuku akianza kuatamia, alimwandalia pakacha kuukuu lenye majani makavu, akaliweka pembeni mwa jiko mahali pasipopuliza upepo. Usiku wa siku ya saba au ya nane aliyatoa mayai moja moja, akayapitisha mbele ya kibatari. Lenye mishipa ya damu lilirudi pakachani, lililo tupu likaingia sufuriani. Siku za kutotoa zikikaribia, yai alilolitilia shaka alilitikisa sikioni. Likicheza maji ndani, hilo ni viza, litupwe kabla halijapasuka likanuka nyumba nzima. Na ukikaa kimya ukamtazama kuku mwenyewe, unamwona anapeleka mdomo chini ya kifua na kuyageuza mayai yake, asubuhi, mchana, jioni, bila kuchoka. Nikakua nikiamini kwamba yai ni kitu cha kushikwashikwa. Linageuzwa, linatikiswa, linamulikwa, linahamishwa pakacha hili kwenda lile, na kifaranga anatoka vilevile.

Kazi yangu siku hizi ni kulinda viota vya kasa upande wa mashariki wa kisiwa cha Juani, Mafia, ule unaotazama bahari kuu. Kijiji chetu kiko upande wa pili, penye maji tulivu na mikoko, ng'ambo ya kisiwa cha Chole. Kwenda kwenye viota unakatiza kisiwa kwa miguu, unapita mashamba na vichaka, mpaka unasikia mawimbi kabla hujayaona. Eneo hili liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Wanaopanda kutaga kwetu zaidi ni kasa wenyewe, hao ambao wengine huwaita kasa uziwa, na mara mojamoja ng'amba. Wengi wao hutaga masika yakiwa yamechanganya na kusi imeanza kuvuma, kwa hiyo kazi yetu ni kazi ya mvua na mchanga wa kuingia machoni.

Nyayo za kasa ndizo tunazozitafuta alfajiri. Kasa anajiburuta kwa mikono yote miwili kwa pamoja, akaacha njia pana iliyolingana kulia na kushoto, kama trekta limepita kutoka baharini. Ng'amba yeye anapishanisha mikono, na njia yake ni nyembamba zaidi. Ukiifuata njia ya kasa unafika kwenye shimo kubwa alilojifukulia mwili mzima kwa mikono ya mbele. Shimo hilo silo kiota. Kiota amekichimba kwa miguu ya nyuma, taratibu, mguu mmoja unazoa mchanga na mwingine unasubiri zamu yake, mpaka panapatikana kitu chenye umbo la mtungi: shingo nyembamba, tumbo pana. Humo hudondosha mayai mia moja na zaidi kidogo, mawili au matatu kwa mkupuo, kisha anafukia na kurusha mchanga kila upande ili asijulikane alipotagia. Na kweli hajulikani. Mtu mgeni anaweza kuchimba kutwa nzima ndani ya eneo la ukubwa wa jamvi, asilipate hata yai moja.

Aliyenifundisha kupajua ni mzee mmoja wa kijijini ambaye ujanani mwake aliyachukua mayai hayo kuliko mtu yeyote. Hafichi. Ukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, na dakika ya pili anakueleza jinsi walivyokuwa wakiyachemsha, na jinsi ute wake usivyoganda hata ukichochea kuni usiku kucha. Kiini kinashika, ute unabaki majimaji. Wakati huo walitumia kijiti kirefu. Unachoma mchanga hapa na pale. Kijiti kikitoka na unyevu wa manjano, umefika. Kwa mwenye sufuria, yai moja lililotobolewa si hasara. Kwa kiota, yai hilo ndilo litakaloita sisimizi na kaa, na likioza ukungu wake unawashika majirani zake mmoja baada ya mwingine.

“Mwanangu, kijiti ni cha mwizi,” aliniambia siku ya kwanza, akakivunja chake gotini. “Wewe tumia kiganja.”

Kiganja kinafanya kazi hivi. Unapiga magoti kwenye lile eneo lililovurugwa, unabonyeza mchanga kwa vidole vilivyonyooka, hatua kwa hatua, kama mwanamke anayekagua unga kwenye ungo. Mchanga ambao haujawahi kuguswa unakurudishia mkono. Mahali fulani vidole vinazama bila ubishi. Hapo unachimba kwa mikono mitupu, polepole, mpaka ncha ya kidole inapogusa kitu laini chenye ubaridi. Yai la kasa lina ukubwa wa mpira wa tenisi ya meza, na ganda lake halina ugumu wa ganda la kuku. Ni kama ngozi nyembamba. Likiwa limetoka kutagwa lina kibonyeo upande mmoja, utadhani mpira uliopungua upepo. Siku zikipita linanyonya unyevu wa mchanga, linajaa, kibonyeo kinapotea. Ukiligusa tu umemaliza. Unafukia kama ulivyokuta, unaandika, unaondoka.

Ninasema unaondoka kwa sababu kiota kilichokaa pazuri hakihitaji mtu. Mama yake amekitafutia mahali, mchanga unakiatamia. Tunahamisha pale tu alipotaga chini ya mstari wa bamvua, ambapo maji makubwa ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo yatakifunika kiota na kukizamisha. Yai linapumua kupitia ganda lake. Likikaa ndani ya maji linakosa hewa kama yeyote kati yetu.

Sasa nieleze la kwangu.

Ulikuwa msimu wangu wa kwanza. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa akirudi kutoka kwenye mitego yake alipoona njia mpya ya kasa. Kwetu aliyeripoti kiota hulipwa kidogo siku kinapothibitishwa, na kiasi kingine mayai yakishaanguliwa, kwa kadiri ya hesabu ya makaka, yale maganda matupu. Kwa hiyo akaja mbio kuniamsha. Tulifika saa mbili asubuhi. Kasa alikuwa ametaga karibu na saa sita za usiku, kwa kukisia jinsi maji yalivyofuta nusu ya njia yake, na kiota kilikuwa chini kabisa, mahali ambapo bamvua lisingekosa kupita. Nikaamua kuhamisha. Uamuzi huo nisingeulaumu ungefanywa saa sita kabla.

Nilichimba nikayatoa, moja moja na mawili mawili, nikayaweka kwenye ndoo ya lita ishirini. Yaliyokuwa na mchanga mwingi nikayafuta kwa kanga, yapendeze. Jua lilikuwa limeshapanda. Ndoo nikaijitwika kichwani, nikatembea ufuoni karibu nusu saa hadi kwenye ua wa viota vilivyohamishwa, na njiani nikasimama kuongea na wavuvi wawili waliotaka kuona. Kila mmoja alichukua yai, akaligeuzageuza, akalirudisha. Nilipofika nikachimba shimo zuri, kwa kina nilichofundishwa, halafu nikainamisha ndoo nikayamimina. Niliyamimina kama mtu anavyomimina viazi. Mayai 112. Nikafukia, nikachomeka kibao chenye namba na tarehe, nikarudi nyumbani nikitunisha kifua.

Kwetu kiota huchukua siku hamsini na kitu, sitini mvua zikizidi. Siku ya hamsini na tano shemeji akaanza kupita uani kila jioni. Siku ya sitini alikuwa anakuja na tochi. Ya sitini na tano hakuniuliza kitu. Siku ya sabini na mbili nikapewa ruhusa ya kufukua.

Kufukua ni kazi ya kuhesabu. Unayatoa makaka matupu unayapanga kumi kumi, unayatenga mayai yasiyoanguliwa, unayapasua moja moja kujua yalifia hatua gani. Pale hapakuwa na kaka hata moja. Mayai yote 112 yalikuwa kama nilivyoyamimina, mengine yamesinyaa, mengine yamekuwa ya kijivu. Nilipopasua la kwanza harufu ilinirudisha nyuma. Ndani hapakuwa na jicho, wala uti wa mgongo, wala damu. Uji tu wa rangi ya maziwa yaliyokatika. La pili vilevile. Nilipasua yote, kwa sababu ndiyo kazi, na kwa sababu shemeji alikuwa amekaa juu ya gogo ananitazama. Kwenye maganda mengi kulikuwa na doa jeupe dogo kama kucha, na madoa hayo yalielekea huku na huko, lingine juu, lingine chini, lingine ubavuni.

“Haidhuru,” alisema shemeji. Msimu uliofuata viota alivyoviona alimripotia mwenzangu.

Mama nilipomsimulia aliuliza swali moja: “Uliyageuza vizuri lakini?”

Jibu la swali lake nililipata miezi kadhaa baadaye kwenye mafunzo, kutoka kwa dada mmoja mtaalamu aliyekuja kutufundisha chini ya mwembe, akiwa na yai viza la kasa na yai la kuku kwenye bakuli mbili. Alivunja la kuku kwanza, akatuonyesha zile nyuzi mbili nyeupe zilizosokotwa, kila upande wa kiini moja, ambazo kila mpishi amewahi kuziona na kuzipuuza. Nyuzi zile ndizo zinazokining'iniza kiini katikati ya yai, na yai likigeuzwa kiini kinazunguka, upande wenye uhai unarudi juu. Ndiyo maana kuku anaweza kugeuza, na asipogeuza kifaranga huweza kugandamana na utando. Yai la kasa halina nyuzi hizo. La nyoka halina, la mamba halina, la kinyonga halina. Kiinitete kinapanda juu ya kiini na kujishikiza kwenye utando wa ndani ya ganda, upande wa juu, na hapo ndipo kinapopatia hewa. Lile doa jeupe ndilo alama ya mahali kilipojishikiza. Ukiligeuza yai baada ya hapo umekitegua na kukizamisha chini ya kiini chake mwenyewe.

Akaeleza na habari ya saa. Tumboni mwa mama kiinitete kimekwisha kuanza kukua, kisha kikasimama kikisubiri, kwa sababu humo hewa ya oksijeni ni haba. Mama anaweza kukaa na mayai yake siku nyingi yakiwa hivyo, hata akitishwa na tochi akarudi baharini bila kutaga. Lakini yai likishadondoka likakutana na hewa, ukuaji unaanza upya na haurudi nyuma. Saa mbili tatu za mwanzo unaweza kulihamisha kwa adabu. Zaidi ya hapo hatari inapanda kila saa, na siku kadhaa za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Mwaka 1979 Colin Limpus na wenzake wa Australia waliyapima hayo kwa kuyageuza mayai ya kasa wa aina nyingine kwa makusudi na kuandika ni mangapi yalikufa na yakiwa na umri gani. Mimi nilikuwa nimefanya jaribio lilelile bila kujua, nikiwa na ndoo.

Tangu hapo nahamisha hivi, na ninayeelezea ni mtu aliyeshika mayai mengi bila kuacha kuyaogopa.

Naanza na mikono. Nanawa kwa sabuni na maji, nasugua mpaka kwenye kucha, kwa sababu huwezi kutoka kufunga mashine ya boti na mafuta yake vidoleni, au umejipaka dawa ya mbu, halafu ukashika kitu kinachopumua kwa ngozi yake. Glovu zikiwepo navaa. Zisipokuwepo, mikono safi yenye mchanga wa palepale inatosha. Nikimaliza nanawa tena, safari hii kwa ajili yangu na wanangu: wanyama wa jamii hii hubeba vijidudu vya salmonela bila wao kuugua, na mtoto mdogo nyumbani anaweza kuugua sana.

Kama nimemkuta mama anataga sisogei mpaka ameanza kudondosha. Kabla ya hapo mwanga mdogo unatosha kumrudisha baharini. Tochi yetu ina karatasi nyekundu mdomoni. Akishaondoka nachimba upande, naondoa kwanza mchanga mkavu wa juu ili usiporomokee mayai, halafu nalala kifudifudi na mkono mmoja ndani. Kila yai nalinyanyua kwa vidole vitatu na kulishusha ndooni jinsi lilivyokuwa, juu yake juu, chini yake chini, kwenye tandiko la mchanga mbichi wa kiota hichohicho. Silifuti. Siliinui kulitazama. Hesabu nasema kwa sauti, mwenzangu anaandika. Yakijaa nayafunika kwa mchanga mbichi, na ndoo haipandi kichwani. Watu wawili wanaishika mpini, wanatembea kwa miguu inayopishana, hatua fupi, na anayetaka kuona ataona siku ya kutoka.

Shimo jipya linakuwa limeshachimbwa kabla ya kutoa yai la kwanza. Nililikosea hili pia msimu ule: mayai yangu yalikaa juani nikihangaika na jembe. Jembe halifai. Mtungi unachimbwa kwa mikono, na kina chake ni kile alichotumia mama mwenyewe. Mimi nakipima kwa mkono wangu, kutoka ncha za vidole hadi kwapani, kisha nahakikisha kwa futi ya fundi kwa sababu mikono ya watu haifanani. Kati ya kiota na kiota mita moja. Ua hauchimbwi mahali palepale mwaka wa pili, maana mchanga uliozikiwa mayai viza unabaki na ukungu. Juu naweka kiwavu cha kuzuia kaa, kilichozama chini kidogo, kwa sababu kaa hajui kukata tamaa.

Jambo la kivuli lilituletea mabishano makubwa. Kuna mwenzetu aliona ua uwe wazi kabisa, jua lipige, watoto watoke haraka, watu walipwe haraka. Na kweli joto linaharakisha. Tatizo ni kwamba yai la kasa linapotagwa jinsia bado haijaamuliwa. Inaamuliwa na joto la mchanga katika theluthi ya katikati ya kuatamiwa. Karibu na nyuzijoto 29 unapata madume na majike kwa pamoja. Ukishuka chini ya hapo madume yanazidi, ukipanda majike yanazidi, na ukipanda mno hupati yeyote. Waliosoma watakumbuka kuwa habari hii haikuanzia kwa kasa. Mwaka 1966, Dakar, Senegal, Madeleine Charnier aliigundua kwa yule mjusi wa ukutani ambaye dume lake lina kichwa chekundu na hutikisa kichwa akikuona, utadhani anakusalimia. Na mwaka 2018 wanasayansi waliowachunguza kasa wa kaskazini mwa ile miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia walikuta kati ya wadogo zaidi ya asilimia 99 ni majike. Mwenzetu alicheka kusikia hivyo, akasema huo si msiba. Mzee wa kijiti ndiye aliyemjibu: basi na wewe fuga matetea matupu, halafu uje unieleze vifaranga.

Tuliezeka makuti, machache, ya kuacha jua la asubuhi lipite. Kipimajoto tunakizika pamoja na mayai, na wiki za mwisho kinapanda chenyewe, kwa sababu vitoto mia moja vinavyopumua vinatoa joto lao. Mvua kubwa za masika zinakishusha. Kuna viota nina hakika vilikuwa vya madume watupu kwa ajili ya wiki mbili za mvua.

Watu wengi huniuliza juu ya kula. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zimefunga mlango, lakini mimi huwa sitaji sheria kwanza. Nataja Pemba. Mwezi Machi 2024, kisiwani Panza, watu tisa walikufa baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto, na wengine sabini na wanane wakapelekwa hospitali. Sumu ile haina dalili kwa kumtazama mnyama, haiondoki kwa kupika, na inapita kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha. Baada ya hapo watu hawana haja ya kusikia kifungu cha sheria.

Siku ya kutoka ndiyo wanayoipenda wageni, na ndiyo inayonichosha. Alasiri unaona mchanga juu ya kiota umebonyea kama bakuli. Maana yake chini wameshavunja maganda, siku kadhaa zilizopita, wanapanda kwa pamoja, kila anayetikisika anaangusha mchanga chini ya wenzake. Mgeni akikiona kichwa cha kwanza anataka kukivuta. Nimewahi kumshika mtu mkono, mtu mzima mwenye heshima zake, nikamwambia samahani bwana, hapana. Kitoto kilichovutwa mapema bado kina kifuko cha kiini tumboni, chakula chake cha safari, na kikiburuzwa kinachubuka. Wala hatuwabebi kwenda majini. Wanatembea wenyewe, tunawasafishia njia tu na kuwafukuza kaa na kunguru, na simu zote zimezimwa taa. Ukiwaweka kwenye beseni mpaka kesho ili wageni wengine wawaone, nguvu waliyopewa ya kuogelea usiku ule inaishia kugonga kuta za beseni. Nimeombwa kufanya hivyo kwa fedha nzuri.

Shemeji alirudi kuniripotia msimu wa nne. Hakusema kwa nini. Alikuja saa tatu asubuhi akasema kuna njia mpya, chini, palepale pabaya. Tulipofika nilibonyeza mchanga, nikagusa yai, nikafukia.

“Hatuhamishi?”

“Saa imepita, shemeji.”

“Bamvua ni siku sita zijazo.”

“Najua.”

Nikamweleza jinsi doa linavyojishikiza, na kwamba baada ya siku kama ishirini na tano kiinitete kinakuwa kimeimarika, mtikisiko haukiui kirahisi kama mwanzo, ingawa kugeuza bado ni mwiko. Tukihamisha leo tutaua karibu yote. Tukisubiri, maji yataua baadhi. Hakupenda. Mimi pia sikupenda. Bamvua la kwanza tulikwenda wote wawili usiku, tukasimama tukilitazama wimbi linapita juu ya kiota na kushuka, linapita na kushuka, bila la kufanya. La pili lilifika na kusi nyuma yake, likala ufuo karibu hatua nne.

Usiku wa siku ya ishirini na sita tulichimba. Nilikuwa na penseli laini ya mtoto wa shule, siyo kalamu, wino sitaki uguse ganda. Mimi nilifagia mchanga kwa brashi ya rangi hadi tabaka la juu la mayai likaonekana, meupe ya chokaa, yamejaa, hayana tena kibonyeo. Shemeji alilala upande wa pili wa shimo na ile tochi nyekundu mdomoni, akaandika alama ya msalaba juu ya kila yai kabla sijaligusa. Nikanyanyua, msalaba ukitazama juu. Nikashusha, msalaba ukitazama juu. Tabaka kwa tabaka. Mayai 109. Ya chini yalikuwa yamelowa, mengine yamekuwa ya manjano, tukayatenga 22. Yaliyobaki tukayapanga kwenye mtungi mpya kwa mpangilio uleule, na jasho la shemeji lilidondoka mchangani akalifukia kwa kidole kama dhambi.

Siku ya sitini na moja mchanga ulibonyea. Walitoka usiku, sikuwahesabu. Watu waliokuwepo walikuwa wengi, na mwezi ulikuwa mdogo. Siku tatu baadaye tulifukua. Shemeji alitaka kupanga makaka yeye mwenyewe, akayapanga kumi kumi juu ya gunia, akisawazisha kila safu kwa kiganja. Alifika safu ya sita, akabakiwa na manne.

“Sitini na nne,” nikasema, nikaandika.

“Subiri,” akasema. “Hesabu tena, kuna vipande viwili hapa vinaweza kuwa kaka moja.”